Somo: Joto hupandisha ukinzani, au hushusha? Pima mwenyewe

Habari zenu wanajukwaa. Kila mwaka wanafunzi wangu hapa Kisumu huandika kwamba joto huongeza ukinzani wa umeme (jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita), basi. Kwa shaba ni kweli. Kwa kaboni, hebu tuiulize mita ya kupimia omu, yaani kipimo cha ukinzani.

Hatua ya 1: Tafuta rilei ya volti 12 (swichi ya umeme yenye koili ya waya wa shaba, ndiyo shaba yetu) na rezista (kijenzi cha kuzuia umeme) ya utando wa kaboni ya kilo-omu 100, ile ya rangi ya krimu. Ya buluu ni ya utando wa metali, imeundwa isiyumbishwe na joto.

Hatua ya 2: Unganisha nyaya kwenye ncha za koili ya rilei na za rezista, tia kila kimoja ndani ya puto, kamua hewa, funga shingo kwa uzi. Pima vikiwa baridi.

Hatua ya 3: Zamisha kwenye maji yanayochemka, visiguse sufuria. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu nyuzi 96. Usiandike 100! Subiri namba zitulie.

Rilei yangu ilipanda kutoka omu 400 hadi 507. Rezista ilishuka kutoka kilo-omu 99.2 hadi 96.7.

Shaba ina elektroni huru tele. Joto hutikisa atomu, elektroni zikagongana nazo zaidi. Kwenye utando wa kaboni, joto huzifungua elektroni na kuzisaidia kuvuka mipaka ya chembe.

Kaboni pia huunda nanotyubu, yaani mirija midogo mno. Nanotyubu, ambazo Sumio Iijima wa Japani alizieleza mwaka 1991, ni tabaka la kaboni lililoviringwa kama mkeka. Jinsi lilivyoviringwa ndiyo huamua: nyingine huwa metali, nyingine semikondakta (hupitisha umeme kwa kiasi tu).

MASWALI

Mwanajukwaa, Kakamega: Mwalimu, sasa nanotyubu ikipata moto, ukinzani unapanda ama unashuka?

Jibu: Umepima moja au rundo? Moja ya metali hupanda, kama shaba. Ila katika utando wa nanotyubu nyingi, elektroni hulazimika kuruka kutoka moja hadi nyingine, na joto husaidia mruko huo. Ndiyo maana utando mara nyingi hushuka. Wengi hupima utando wakadhani wamepima nanotyubu.

Mwanajukwaa, Nakuru: Na tukiipoza kabisa, ukinzani utaisha?

Jibu: La, ndugu yangu. Hata nanotyubu fupi ya metali, yenye ukuta mmoja na isiyo na dosari, hubaki na kilo-omu 6.5 hivi. Njia za elektroni ni mbili tu, kwa hiyo msongamano uko mlangoni, pale inaposhikana na waya.

Mwanajukwaa, Kisumu: Rezista yangu inasoma 90 hata kabla ya maji.

Jibu: Umebana ncha zote mbili kwa vidole. Mwili wako nao unapitisha umeme. Tumia klipu, kisha urudie hatua ya 2.