Jinsi ya kuchagua chaja ya USB inayofaa jampastata ya gari

Nimeandika mwongozo huu baada ya kukaa karibu saa tatu na shemeji yangu, ambaye jampastata yake, yaani kile kifaa kidogo cha kuwashia gari lililoishiwa chaji, ilikataa kabisa kuchajika kwa chaja mpya ya wati 65. Alikuwa ameshaamua kukitupa. Kifaa kilikuwa kizima. Tatizo lilikuwa katika namna kilivyounganishwa na chaja, na nitalieleza kwa kirefu katika hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Soma mstari wa INPUT

Tazama maandishi madogo yaliyo mgongoni mwa kifaa au kando ya tundu la kuchajia. Usisome mstari wa OUTPUT, kwa kuwa huo unaeleza umeme unaotoka, na mtu akiona volti 12 hapo anaweza kununua chaja asiyoihitaji. Mstari wa INPUT husomeka, kwa mfano, 5V/2A, au 5V/2A na 9V/2A kwa pamoja. Ukikuta 15V/1A peke yake na tundu ni la duara, tumia chaja iliyokuja na kifaa.

Hatua ya 2: Linganisha volti, kisha ampea

Volti za chaja lazima ziwe zile ambazo kifaa kinazipokea. Ampea zinaweza kuzidi bila madhara, kwa sababu kifaa huvuta kiasi kinachokihitaji tu. Tundu la USB 2.0 la kompyuta, ambalo kwa kawaida hutoa ampea 0.5, silipendekezi hata kidogo: betri ya mAh 20,000 (miliampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa) iliyopimwa kwa volti 3.7 hubeba wati-saa 74, kwa hiyo hata kwa chaja ya wati 10 (volti 5 mara ampea 2) itahitaji zaidi ya saa saba, na kwa wati 18 (volti 9 mara ampea 2) zaidi ya saa nne, kabla hata ya kuhesabu umeme unaopotea kama joto.

Hatua ya 3: Chagua waya kwa makini

Tundu la USB-C la chaja, lile dogo lenye kingo za mviringo, halitoi umeme mpaka litambue kwamba upande wa pili kuna kifaa kinachoomba kuchajiwa. Utambulisho huo hufanywa na rezista mbili (vipande vidogo vya kuzuia umeme) za omu 5,100 zilizomo ndani ya kifaa, na baadhi ya watengenezaji hawaziweki. Kifaa cha namna hiyo kikiunganishwa kwa waya wenye ncha za USB-C pande zote mbili, hakiwashi hata taa moja, ingawa chaja hiyohiyo inachaji simu vizuri. Ndivyo ilivyokuwa kwa shemeji yangu. Tulipochukua waya wa USB-A, ile ncha pana ya mstatili, kwenda USB-C na kuuchomeka kwenye chaja ya zamani ya simu, taa ya kwanza ilianza kuwaka na kuzimika papo hapo, kwa kuwa tundu la USB-A hutoa volti 5 muda wote bila kusubiri utambulisho.

Hata hivyo, usikimbilie kulaumu rezista. Kwanza jaribu waya huo kwa simu. Kisha geuza ncha iliyo kwenye jampastata juu chini, kwani pale ambapo rezista ni moja tu, umeme unaweza kupita upande mmoja na kukataa mwingine. Hakikisha pia kwamba tundu ulilochomeka si lile la kutolea umeme. Jambo la mwisho ni kwamba waya wa USB-A haupitishi mfumo wa PD (Power Delivery), ambao chaja na kifaa huutumia kukubaliana volti za juu zaidi. Kifaa kinachopata volti 9 kwa PD pekee kitachajika kwa volti 5, polepole lakini salama.

Kwa sababu hizo zote, mimi huchagua chaja yenye matundu ya aina zote mbili, na waya mfupi ulio mnene. Usichaji simu sambamba na jampastata, kwa sababu chaja nyingi hupunguza nguvu matundu mawili yakitumika.

Hatua ya 4: Chaji

Kama umetoka kuwasha gari, acha kifaa kipoe kwanza. Usikichaji kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, kwani betri ya lithiamu huharibika. Baada ya hapo, hata usipokitumia, kikague kila miezi mitatu na kukiongezea chaji.