Kumuunganisha mwanachuo wa uzamili na mwalimu wa sayansi wa sekondari, wafundishe pamoja: tuanzie wapi?

Hatua ya 1. Fungua azimio la kazi la mwalimu, yaani mpango wake wa mada za mwaka, kabla hujagusa utafiti wa mwanachuo. Mwalimu ana silabasi ya kumaliza na mtihani wa taifa wa NECTA unaomsubiri. Ugeni usioingia kwenye mada zake ni mzigo tu. Tafuteni mada moja inayogusana na utafiti. Moja inatosha.

Hatua ya 2. Kibali. Barua ya chuo ipite kwa mkurugenzi wa halmashauri na afisa elimu sekondari, kisha kwa mkuu wa shule. Anzeni mapema, barua hukaa mezani.

Hatua ya 3. Wiki za mwanzo mwanachuo akae nyuma ya darasa, asikilize. Wengi hulidharau hili. Hajui bado kwamba dakika 40 za kipindi, ukiondoa mahudhurio na kugawa daftari, hubaki chache.

Hatua ya 4. Andaeni somo pamoja. Chukua Arusha, upande wa Meru, ambako maji mengi yana floridi nyingi, madini ambayo yakizidi hutia meno rangi ya kahawia. Mada ni maji na usafishaji wake. Wanafunzi walete chupa za maji kutoka nyumbani: ya kisima, ya bomba, ya mvua. Mwanachuo alete kipimo cha chuo, mwalimu aendeshe kipindi. Kwanza waulizwe: ukichemsha, floridi inatoka? Wengi watasema ndiyo. Haitoki, maji yakipungua kwa mvuke, inakolea. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Sasa hesabu: maji ya kisima yana miligramu 6 kwa lita, ya mvua tuseme 0, tuchanganye vipi tufike 1.5? Lita 1 ya kisima kwa 3 za mvua. Hapo ndipo mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaochuja floridi, unapoingia na kueleweka. Ila msimsimamishe mtoto yeyote mbele kuonyesha meno yake ya kahawia. Na chupa ziwe na namba, si majina.

Hatua ya 5. Nauli. Marekani, mpango wa GK-12 ulioanzishwa mwaka 1999 na NSF, taasisi ya serikali inayofadhili sayansi, uliwalipa wanachuo wa uzamili na uzamivu posho kwa kazi hii ya kusaidia walimu shuleni. Kama hamna fungu, chagueni shule ya jirani na chuo.

Hatua ya 6. Kipimo kitarudi chuoni, kwa hiyo mwalimu abaki na andalio la somo lililokamilika, majedwali ya matokeo, na jaribio mbadala la vifaa vya dukani.