Unachagua programu ya kuorodhesha seva? Anza na raki iliyovurugika kuliko zote

Majedwali ya kulinganisha programu weka kando. Chukua raki (kabati la seva) yenu ngumu kuliko zote, ile yenye chasisi ya bledi (kasha moja lenye seva nyembamba kadhaa) na swichi ya mtandao iliyofungwa kwa nyuma, uingize taarifa zake zote kwenye kila programu unayoifikiria. Udhaifu hujitokeza hapo hapo. Snipe-IT inajua vizuri nani kakabidhiwa kifaa na waranti inaisha lini, lakini haikuchorei raki. NetBox inakuchorea, tena hadi kebo ya umeme imechomekwa tundu lipi la PDU (kigawa umeme cha raki), ila yenyewe haiendi kusaka seva kwenye mtandao; mnajaza wenyewe au mnaandika skripti ya kupitia API (mlango wa programu nyingine kuingiza data). GLPI ina ajenti (programu ndogo inayowekwa kwenye seva) wa kukusanya taarifa, na tangu toleo la 9.3 ina raki pia. Ajenti naye msimwamini mia kwa mia: seva mlizoziunda wenyewe kwa vipuri mara nyingine hujibu "Default string" badala ya namba ya mfululizo, na seva mbili zikasomeka kama moja. Hizo zibandikeni stika zenye namba yenu wenyewe. Kama raki zenu ni mbili tu, msihangaike, Excel inatosha. Na jaribio hili halitawaonyesha programu itakavyokuwa nzito ikibeba maelfu ya vifaa.