Usichomelee vikalio vya springi gari likiwa hewani

Kwa wanaofunga difu nzito ya nyuma, mfano 14-bolt ya GM, kwenye pikapu ya springi za majani: vikalio (vyuma ambavyo springi inakalia) viweke tu juu ya eksel, kaza yubolti kiasi, shusha gari likalie matairi na uzito wake wote, ndo uweke jeki ndogo chini ya pua ya difu uizungushe mpaka pinioni (shafti fupi inayotokea kwenye pua ya difu) iwe sambamba na shafti inayotoka transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), halafu ishushe digrii 1 au 2. Hizo digrii usizidharau jamani, ukikanyaga mafuta springi zinajikunja na pua inapanda yenyewe, kwa hiyo ikianzia chini kidogo inakuja kukaa sawa kwenye mzigo, propela (shafti ndefu ya kutoka transfa hadi difu) haitetemeki na krosi (viungio vyake) hazifi mapema. App ya simu ya kupima digrii inatosha. Gusia nukta za welding, toa difu, malizia vipande vifupi vifupi ukiacha ipoe, bomba la eksel likipata moto sana linapinda. Ila kama propela yako ina krosi mbili upande wa transfa, usambamba haufai, pinioni inatakiwa iitazame transfa yenyewe, ila bado ishushe zile digrii 1 au 2.