Refa Awe wa Mwisho: Namna ya Kuupima Mchezo Ukiwa Jukwaani

Katika Uwanja wa Nangwanda Sijaona mjini Mtwara, kama ilivyo katika viwanja vingi vya nchi hii, refa huhukumiwa kabla hajapuliza kipyenga cha kwanza. Timu ikifungwa, yeye ndiye aliyeifunga. Timu ikishinda, hakuna anayekumbuka jinsi alivyochezesha. Nilikuwa jukwaani katika misimu yote sita ambayo Ndanda, timu ya hapa kwetu Mtwara, ilicheza Ligi Kuu, kuanzia 2014/15 hadi iliposhuka daraja mwishoni mwa 2019/20, na nakiri kwamba kwa sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa miongoni mwa wapiga kelele hao. Haya ninayoyaeleza yanatokana na daftari nililoanza kulitunza baadaye, na utaratibu wake ni huu: timu hutazamwa kwanza, kisha kazi ya kila mchezaji, na refa huwa wa mwisho. Anayeanza na refa hurudi nyumbani akiwa amekiona kipyenga tu, dakika zote tisini.

Mahali pa kukaa

Mechi nyingi huchezwa saa kumi jioni, hivyo tafuta upande ambao jua litakuwa mgongoni mwako, kisha panda juu kadiri uwezavyo, karibu na mstari wa katikati. Anayekaa chini karibu na benchi husikia maneno ya kocha, jambo lenye thamani yake, lakini haoni umbo la timu. Anayekaa nyuma ya goli huona vizuri nafasi zilizo kati ya beki mmoja na mwingine, lakini hawezi kabisa kujua nani ameotea, yaani amewapita mabeki kuelekea goli kabla pasi haijapigwa. Kabla mchezo haujaanza, tazama bendera zinaelekea wapi. Pwani yetu hupata upepo wa kusi katika miezi ya katikati ya mwaka na kaskazi mwishoni na mwanzoni mwake, na mpira mrefu wa kipa unaopigwa dhidi ya upepo huo huweza kurudi miguuni mwa adui bila kosa la mtu yeyote. Andika timu yako imeanza kucheza kuelekea wapi, kwa sababu kipindi cha pili mambo hugeuka, na wengi husifu mabadiliko ya kocha kwa kazi iliyofanywa na upepo.

Kibanda umiza kina raha yake, ila kamera hufuata mpira. Anayetaka kujifunza hana budi kwenda uwanjani, hata kama ni mashindano ya ndondo ya mtaani kwake, ambako hulipi kitu na unaweza kumtazama mchezaji mmoja kwa nusu saa nzima.

Kuipima timu

Gawa ukurasa wa daftari katika vipande vya dakika kumi kumi, na katika kila kipande andika mambo matatu tu: timu yako inanyang'anya mpira eneo gani la uwanja, mara ngapi imeingia ndani ya boksi la mpinzani mpira ukiwa mguuni, na ikipoteza mpira ni wangapi wanaogeuka na kukimbia kurudi. Jambo la tatu ndilo linalosema zaidi. Timu ambayo watu saba hurudi katika dakika ya 15 na watatu tu katika dakika ya 70 imechoka au imegawanyika, na bao itakalofungwa dakika ya 80 lilikwisha kuandikwa katika daftari lako dakika kumi kabla.

Kisha upime umbali. Boksi la penalti lina kina cha mita 16.5, na mistari yake iko pale pale mbele ya macho yako, hivyo lifanye rula. Kipimo changu mwenyewe, ambacho hakuna aliyenifundisha, ni kwamba kama kati ya beki wa mwisho na mshambuliaji wa mbele yanaingia maboksi matatu au zaidi, timu imekatika vipande viwili, na lawama zote zitakazomshukia kiungo siku hiyo hazitakuwa za haki, maana ameachiwa shamba la kulima peke yake.

Matokeo nayo yasikupofushe. Timu inaweza kushinda kwa bao moja la kona huku daftari likionesha kwamba ilizidiwa tangu mwanzo. Andika ulichoona, ushangilie, lakini usiyabadilishe maandishi kwa sababu ya furaha. Vilevile zingatia safari na ratiba. Ndanda ilipokuwa Ligi Kuu ililazimika kusafiri kutoka Mtwara hadi Bukoba, safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara, na mchezaji aliyeketi ndani ya basi kwa siku mbili hachezi kama aliyelala kwake. Majirani zetu Namungo wa Ruangwa, mkoani Lindi, walipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam msimu huo huo na kufungwa na Simba, na msimu uliofuata wakaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mafanikio ya namna hiyo huleta viporo vya ligi, yaani mechi zilizoahirishwa, na shabiki anayeilinganisha timu yenye viporo na timu iliyopumzika wiki nzima hajalinganisha kitu.

Kazi ya mchezaji

Hapa ndipo majukwaa yetu hukosea zaidi, kwa sababu tunamhukumu mchezaji kwa kazi tunayoipenda badala ya kazi aliyopewa. Swali la kwanza kwa kila mchezaji ni hili: kocha amemtuma afanye nini? Hutaambiwa, lakini utalijua ukimtazama kwa dakika tano bila kuufuata mpira. Fanya hivyo kwa wachezaji wanne au watano katika kila mechi. Usijaribu kuwatazama wote kumi na mmoja, hutaweza.

Mfano mzuri ni namba sita, kiungo mkabaji. Mkulima wa korosho ataelewa haraka: huyu ni kama mtu anayepulizia salfa mikorosho wakati wa maua. Siku ya mnada hakuna anayemtaja, lakini asingepuliza, ugonjwa wa ubwiriunga ungeyala maua yote na pasingekuwa na cha kupeleka ghalani. Namba sita mzuri mara nyingi hagusi mpira; husimama mahali ambapo pasi ya mpinzani ilitaka kupita, na mpinzani akimwona hughairi na kurudisha mpira nyuma. Usimhesabie pasi ndefu alizopiga. Hesabu mara ambazo mpinzani alitaka kupita katikati akalazimika kwenda pembeni. Nimewahi kusikia jukwaa zima likidai namba sita atolewe kwa kuwa "hachezi", akatolewa, na ndani ya robo saa tukafungwa mabao mawili yaliyopita mahali pale pale alipokuwa akisimama. Jukwaa lilimlaumu refa.

Beki wa pembeni, yaani namba mbili na namba tatu, hupimwa kwa mambo mawili yanayogombana: kupanda na kurudi. Anapopanda na mpira ukapotea, tazama kwanza kama kuna mwenzake aliyebaki kuziba nafasi yake. Ikiwa winga wa upande wake hakurudi na namba sita hakusogea, basi nafasi ile si kosa la beki hata kama bao limeingia kupitia kwake. Kwa winga, acha kuhesabu chenga. Tazama krosi na pasi zinazofuata baada ya chenga, kwa sababu chenga tatu zinazoishia kwenye mpira wa kurusha ni burudani ya bure.

Kipa wa leo si kipa wa baba zetu. Tangu 1992 haruhusiwi kudaka mpira ambao mwenzake amemrudishia kwa mguu kwa makusudi, na tangu 2019 mpira wa goli, ule unaopigwa kutoka golini kuanzisha mchezo, unaweza kupokewa na mwenzake ndani ya boksi lake mwenyewe. Kwa hiyo, unapomwona akimpasia beki aliye mita chache kutoka kwake na ukatamani kupiga kelele "piga mbele!", subiri kidogo. Kama washambuliaji wawili wa mpinzani wamevutwa kuja kukaba, watu wawili wa timu yako wamekwisha kuachwa huru nyuma yao, na pasi ile ilikuwa mwanzo wa shambulizi. Lakini kama timu haina mchezaji wa kuipokea pasi ya pili, mchezo huo ni wa kujitia kitanzi, na hapo kelele yako ina haki.

Namba tisa, mshambuliaji wa kati, asiyefunga ni mtihani mwingine. Andika mara alizopata mpira ndani ya boksi. Kama amepata mara moja katika dakika tisini, tatizo liko nyuma yake. Kama amepata mara sita na hakulenga goli hata moja, tatizo ni lake. Tazama pia anavyowavuta mabeki wa kati ili kiungo apite, ingawa, kwa maoni yangu, sifa hiyo ya kuwavuta mabeki imekuwa maficho ya washambuliaji wengi wasiojua kufunga.

Sasa refa

Nianze na aibu yangu. Katika mechi moja mshambuliaji wa timu ngeni alipokea mpira akiwa nyuma kabisa ya mabeki wetu, akafunga, na mwamuzi msaidizi hakuinua kibendera. Nilisimama juu ya benchi nikamtukana. Mzee aliyekuwa kando yangu, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo, alinivuta shati na kusema, "Mwanangu, keti. Mpira umetoka kwenye kurusha. Kurusha hakuna kuotea." Nilimwambia, "Nisamehe, babu," na nikaketi. Ndivyo daftari lilivyoanza.

Basi zijue sheria kabla ya kuzitetea. Hakuna kuotea katika mpira wa kurusha, kona na mpira wa goli, wala kwa mchezaji aliye katika nusu yake ya uwanja. Kinachopimwa ni kichwa, mwili na miguu, mkono hauhesabiwi. Mchezaji aliye sawa na mpinzani wa pili kutoka mwisho hajaotea, na kumbuka kwamba kipa akitoka golini, hao wawili wa mwisho wanaweza kuwa mabeki watupu. Muda wa kupima ni pale mwenzake anapougusa mpira, si pale yeye anapoupokea, na katika mkimbio wa kasi tofauti hiyo ni mita kadhaa.

Kuhusu mkono, si kila mpira unaogusa mkono ni kosa. Refa huangalia kama mchezaji ameusogeza mkono kuufuata mpira, au ameutanua mwili wake kwa namna isiyoendana na mwendo wake. Ila mfungaji akiugusa kwa mkono, hata kwa bahati mbaya, na mpira ukaingia moja kwa moja au yeye mwenyewe akafunga papo hapo, bao hukataliwa. Kuhusu kadi nyekundu kwa kuzuia nafasi ya wazi ya kufunga, tazama umbali kutoka golini, mwelekeo wa mchezo, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na idadi ya mabeki waliobaki na mahali walipo. Ndani ya boksi, refa akitoa penalti kwa beki aliyejaribu kuucheza mpira kweli, kadi huwa ya njano. Akivuta jezi au kusukuma, nyekundu hubaki. Sheria hiyo ni ya tangu 2016, na bado kila msimu nasikia watu wakidai nyekundu kwa sauti ya uhakika kabisa.

Mambo mengine mawili huleta ugomvi usio na sababu. Dakika za nyongeza zinazooneshwa kwenye kibao ni kiwango cha chini, hivyo refa akizidisha hajaiba. Na kuhusu kipa anayeng'ang'ania mpira mikononi, mabadiliko ya sheria ya 2025 yanampa sekunde nane. Akizizidisha, mpinzani hupewa kona.

Ukiwa na sheria mkononi, jiulize refa alisimama wapi. Uamuzi mbovu uliotolewa na mtu aliyekuwa mita 10 kutoka tukio, akiona wazi, ni tofauti na ule wa mtu aliyezibwa na wachezaji watatu. Wa kwanza ni kosa la uamuzi, wa pili ni kosa la mbio na mahali pa kusimama, na refa anayechelewa kila mara kulifikia shambulizi huzaa makosa ya namna hiyo mchezo mzima. Halafu tazama kama kipimo chake ni kile kile kwa pande zote mbili: refa mkali kwa wote anavumilika, refa mlegevu kwa wote anavumilika, lakini anayebadilisha kipimo baada ya mapumziko ana maswali ya kujibu.

Kuna siku, hata hivyo, ambapo baada ya kupima yote hayo uamuzi unabaki kuwa mbaya na umeigharimu timu. Andika dakika, tukio, na mahali refa alipokuwa, umpe kiongozi wa tawi lako la mashabiki, maana malalamiko rasmi hupelekwa na klabu kwa maandishi. Chupa inayorushwa uwanjani haimrekebishi refa; hutozwa faini klabu ile ile ambayo haina nauli ya safari ijayo.

Mimi huyasoma niliyoandika asubuhi ya siku ya pili, kabla sijaenda kijiweni, na hapo huandika sentensi mbili za timu, tatu au nne za wachezaji, na kama nafasi imebaki, moja ya refa. Msimu huu ukurasa wa refa una mistari mitatu, na mmoja nimekwisha kuufuta.