Kifungo cha kijeshi kutoka shambani: namna ya kukipata na kukisoma

Vifungo vya sare za jeshi la Uingereza huokotwa mara kwa mara na watu wanaopita na ditekta, yaani mashine ya kutambua metali ardhini, kwenye mashamba ya England. Ugumu uko kwenye kukitambua, na wengi hujiharibia mapema kwa kukisugua kifungo palepale shambani ili waone picha iliyo mbele. Pamoja na udongo huondoka dhahabu iliyopakwa juu, na pengine hata maandishi.

Ruhusa kwanza. Kila ardhi ina mwenyewe, hata ile inayoonekana ya wazi. Pata kibali cha maandishi cha mwenye shamba, si cha mpangaji peke yake, na mkubaliane mapema nani atabaki na kitakachopatikana. Maeneo ya kale yanayolindwa kisheria hayaingiliki na ditekta bila idhini; sheria ya 1979 inakataza. Uskoti vitu vya kale lazima viripotiwe, na Ireland Kaskazini usichimbe kutafuta mambo ya kale bila leseni. Kwa walio Afrika Mashariki: viwanja vya vita vya 1914–1918, kama Salaita karibu na Taveta, si pa kujaribia mashine. Kenya ina sheria yake ya urithi ya 2006 na Tanzania ina ya mambo ya kale ya 1964, kwa hiyo ulizia kibali kabla ya kugusa udongo. Popote ulipo, ukikuta kombora au risasi yenye baruti, usiiguse. Ondoka uwaite polisi.

Nenda baada ya mavuno, mabua yakiwa mafupi, au shamba likishalimwa na kusawazishwa, udongo ukiwa na unyevu. Peleka koili, ile sahani ya chini ya ditekta, sentimita 2 hadi 3 juu ya ardhi, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Vifungo vingi hukaa sentimita 5 hadi 20 chini, kwenye udongo unaogeuzwa na plau. Usizime sauti za katikati. Kifungo kidogo cha shaba au cha aloi ya bati hutoa kwenye skrini ya ditekta namba zilezile za karatasi ya alumini na kifunguo cha kopo la soda. Ukiamua kutochimba takataka, vifungo pia utaviacha.

Ingiza koleo kama sentimita 10 pembeni mwa sauti, kwa sababu kipete cha nyuma, kile cha kushonea, ndicho huvunjika kwanza. Kwenye nyasi kata pande tatu tu, inua kipande cha majani, kisha ukirudishe na kukikanyaga vizuri. Kabla ya kutia kifungo mfukoni, andika mahali: herufi 2 na tarakimu 8 za gridi ya ramani ya Uingereza hukupa mraba wa mita 10.

Mahali pana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Matambara ya sufu, zikiwemo sare kuukuu, yalikuwa yakimwagwa mashambani kama mbolea, hasa kwenye mashamba ya hopi ya Kent. Ukipata vifungo vya rejimenti tofauti tofauti vimetawanyika, bila risasi wala sarafu za wakati huo, huenda askari hawakuwahi kufika hapo. Vifungo kadhaa vya rejimenti moja pamoja na risasi za mviringo za gobori ni habari nyingine: hapo fikiria kambi au uwanja wa mazoezi.

Nyumbani, loweka kifungo cha shaba katika maji yaliyochemshwa na kuvunwa mvuke (distilled water), ubadilishe maji yakichafuka. Udongo uliolegea utoe kwa kijiti cha meno cha mbao na brashi laini. Siki, ndimu, soda na umeme wa kusafishia viache. Vinakula uso na kubandua dhahabu. Kifungo cha aloi ya bati kiache kikauke polepole, ukipanguse tu, kwani uso wake humenyeka.

Sasa kisome. Namba ya rejimenti kwenye aloi ya bati, yenye kipete kilichoshikana na mwili, ni ya askari wa kawaida wa miaka kati ya 1767 na 1855. Namba kwenye shaba ni kati ya 1855 na 1871, mwaka ambao askari wa miguu walianza kupewa kifungo kimoja cha nembo ya kifalme, simba na nyatipembe (farasi wa hadithi mwenye pembe moja). Maofisa waliendelea na namba hadi mageuzi ya 1881, rejimenti zilipopewa majina badala ya namba. Kifungo cha ofisa wa karne ya 18 mara nyingi ni bamba jembamba la metali lililofunika mfupa. Mfupa ukioza, hubaki ganda lililokunjamana ambalo wengi hulitupa. Nanga yenye kamba ni ya jeshi la majini, na taji juu yake liliongezwa 1812.

Taji husaidia sana. Matao yaliyoumuka kama kuba ni ya 1901 hadi miaka ya mwanzo ya 1950, au ya Charles wa Tatu, tangu 2022. Yaliyobonyea katikati kwa kawaida ni ya Victoria au ya Elizabeth wa Pili. Kiinue mkononi, kikiwa chepesi na cha njano ing'aayo ni alumini, hivyo ni cha baada ya 1950.

Kisha geuza. Mwangaza wa tochi ukiupitisha kwa ubavu, herufi zilizofifia za jina la mtengenezaji huinuka: Firmin, Jennens, Smith & Wright, Gaunt. "Ltd" (kampuni yenye dhima yenye kikomo) haiwezi kuwa ya kabla ya 1855. Anwani ya mtaa ina thamani kubwa zaidi, kwa kuwa viwanda vilihama, na orodha za biashara za zamani zinaonyesha kila kiwanda kilikuwa wapi mwaka gani. Jihadhari: kampuni hizohizo zilitengeneza vifungo vya polisi, reli na watumishi wa majumba ya matajiri. Mnyama juu ya msokoto wa kamba, bila namba wala jina, kwa kawaida ni nembo ya familia.

Ukishajua rejimenti, fungua nyaraka za hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyo Kew, London: kundi WO 17 lina taarifa za kila mwezi za vikosi na vilipokuwa, na WO 12 lina orodha za askari. Linganisha tarehe na shamba lako. Halafu mpelekee taarifa afisa wa eneo lako wa Portable Antiquities Scheme, mpango wa kurekodi vitu vya kale vinavyookotwa England na Wales, na uhifadhi kifungo kikavu na pakiti ya jeli ya silika. Ungaunga wa kijani hafifu ukitokea, kitenganishe na vingine siku hiyohiyo.