Majani ya mwarobaini kwenye ndoo ya kunde

Ukiona unga mwembamba chini ya ndoo ya kunde, fukusi wameshaingia. Msimu ujao wawahi kwa majani ya mwarobaini. Yaanike kivulini, maana jua kali huharibu azadiraktini, ule uchungu unaowakatisha wadudu hamu ya kula na kutaga. Yakipukutika ukiyafikicha, changanya na kunde, funika vizuri.

Ila kunde ziwe zimekauka kweli, tafadhali! Tia kiasi kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa, iache kama robo saa. Chumvi ikinata ubavuni mwa chupa, zirudishe juani. Mwarobaini hautakuokoa na ukungu wala sumukuvu. Siku ya kupika pepeta, kisha osha mara mbili tatu uchungu utoke.